Oktoba na watoto wadogo ughaibuni: majani, boga na usiku wa Halloween nyumbani

Mzazi anayeishi Marekani, Kanada au Uingereza na mtoto wa miaka miwili hadi saba huijua Oktoba kwa dalili zake: maboga yamepangwa mlangoni mwa duka, shule imetuma karatasi ya siku ya mavazi, na jirani amening'iniza mifupa ya plastiki kwenye uzio. Wengi hukimbilia kununua vazi na mfuko wa pipi wakidhani shughuli ni ya usiku mmoja. Kwa mtoto mdogo usiku huo ndio sehemu ngumu kuliko zote: giza, baridi, vinyago, sukari, na saa ya kulala imeshapita. Raha yake iko kwenye wiki zinazotangulia, mikono ikiwa kwenye majani, kwenye boga na jikoni. Kwa hiyo mwongozo huu unatoa muda mwingi kwa maandalizi, na dakika arobaini tu kwa usiku wenyewe.

Amueni mapema mtafanya nini

Halloween ni tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanazijua siku hizo vizuri: tarehe 1 Novemba Watakatifu Wote, tarehe 2 kuombea marehemu. Kuchonga mboga na kuweka taa ndani kulianzia Ireland na Uskoti, ambako watu walichonga tanipu, mzizi mgumu unaofanana na figili kubwa. Wahamiaji wao walipofika Amerika karne ya 19 walikuta boga, lililo kubwa na jepesi zaidi kuchongeka.

Familia nyingi za Kikristo na za Kiislamu hazitaki mambo ya mizuka, na hakuna anayelazimishwa. Unaweza kubaki na mavuno tu: majani, maboga, matofaa, bila fuvu wala mchawi. Unaweza kufanya usiku wa michezo ndani ya nyumba. Au unaweza kutoka na watoto mtaani, wakiwa na mavazi yao, kugonga milango ya majirani na kuomba pipi. Njia zote tatu zinatumia maandalizi yaleyale, kwa hiyo hata kama hamjakubaliana kuhusu usiku wenyewe, anzeni na majani na boga.

Muhimu ni mtoto ajue mpango kabla shule haijaanza kuuzungumzia, yaani wiki ya kwanza ya Oktoba. Mweleze kwa sentensi moja: "Sisi tutachonga boga na kupika, halafu tutacheza humu ndani." Kama shule ina siku ya mavazi na hutaki mtoto ashiriki, mwandikie mwalimu mapema umuulize siku hiyo ina ratiba gani. Mara nyingi mnyama au mhusika wa kitabu anakubalika, na hapo ugomvi unakwisha. Na kama hamtaki wageni usiku, zimeni taa ya kibarazani na msiweke boga mlangoni. Watoto wa mtaa wanafundishwa kwamba nyumba yenye taa iliyozimwa haigongwi.

Majani: wiki ya kwanza na ya pili

Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Rangi ya njano, iliyokuwamo ndani ya jani kiangazi chote, ndipo inapoonekana. Nyekundu ni tofauti: hutengenezwa wakati huohuo kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huleta nyekundu kali. Mtoto wa miaka mitano anaelewa hili ukimwonyesha jani moja lenye kijani kwenye mishipa na njano pembeni.

Nendeni kuokota siku kavu, mchana. Mpe mtoto mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki inatunza unyevu na majani yanaanza kuoza kabla hamjafika nyumbani. Mpe kazi maalumu badala ya kumwambia "okota": majani matatu ya njano, matatu mekundu, moja kubwa kuliko kiganja chako, moja lenye tundu. Maple, mti wa jani lile lililo kwenye bendera ya Kanada, hutoa nyekundu nzuri kuliko yote. Mwaloni hutoa hudhurungi na jani lake ni gumu, linafaa kwa kazi ya kusugua. Matunda ya mwaloni na kokwa za namna hiyo mtoto asiweke mdomoni, na aliye chini ya miaka mitatu asiachiwe kabisa. Uyoga wa bustanini msiuguse.

Kukausha majani ni rahisi, lakini yana masharti. Yafute yakauke, yapange kati ya kurasa mbili za gazeti yasigusane, kisha weka vitabu vizito juu. Badilisha gazeti baada ya siku mbili, hasa kama mliokota baada ya mvua. Wiki moja hutosha kwa majani membamba, siku kumi kwa ya mwaloni. Yakitoka na madoa meusi, yalikuwa na maji. Yakivunjika, yaliokotwa yakiwa yameshajikunja na kukauka mtini.

Ukitaka kuyahifadhi yaning'inizwe dirishani, tumia karatasi ya nta na pasi:

1. Chukua majani yaliyokandamizwa angalau siku moja.
2. Yaweke kati ya vipande viwili vya karatasi ya nta, upande wenye nta ukigusa majani.
3. Tandika taulo chini na kitambaa chembamba juu.
4. Piga pasi ya joto la kati, bila mvuke, sekunde kumi hadi kumi na tano kila sehemu. Hii ni kazi ya mtu mzima. Mtoto anapanga majani tu.
5. Acha ipoe kabisa kabla ya kukata kuzunguka jani, na bakiza ukingo wa nusu sentimita.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kutumia karatasi ya kuokea badala ya karatasi ya nta. Zinafanana, na kwenye rafu ya duka zinakaa pamoja, lakini ya kuokea imepakwa silikoni kusudi isishike kitu. Utapiga pasi mpaka jioni na haitanata.

Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu kazi bora ni kusugua. Laza jani upande wa mishipa ukitazama juu, funika kwa karatasi nyembamba, kisha bandika pembe zote nne za karatasi mezani kwa selotepu. Bila selotepu karatasi inasogea, picha inakuwa ukungu mtupu, na mtoto anakasirika. Menya karatasi ya krayoni, ilaze ubavu, asugue kwa ubavu huo, asitumie ncha. Mishipa itajitokeza yenyewe, naye ataomba karatasi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Kuruka kwenye lundo la majani ni haki ya kila mtoto, kwa masharti mawili. Kwanza, lundo liwe kwenye ua wenu au bustanini, kamwe lisiwe kando ya barabara, kwa sababu dereva haoni mtoto aliyejificha ndani ya majani. Pili, kupe. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, na majimbo kama Minnesota na Wisconsin, kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme bado wako hai mwezi wa kumi, na majani yaliyorundikana ni makao yao. Mtoto akiingia ndani, mvue nguo, mwogeshe, kisha kagua nyuma ya masikio, kwenye mizizi ya nywele, kwapani, kwenye kitovu na nyuma ya magoti. Kama kupe ameshika, mng'oe kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha.

Boga: kuchagua, kupaka, kuchonga

Kuna maboga ya aina mbili dukani, na kuyachanganya ndiko kunakosababisha watu waseme boga la ughaibuni halina ladha. Lile kubwa la chungwa linalopangwa nje ya duka ni la kuchonga: nyama yake ni ya majimaji na nyuzinyuzi. La kupika ni dogo, kama kilo moja na nusu hadi mbili, mara nyingi linawekwa upande wa mboga. Kwa anayetafuta ladha ya boga la nyumbani, kavu na tamu, achukue boga la Kijapani lenye ganda la kijani kibichi, linaloitwa kabocha. Nunua aina zote mbili.

La kuchonga, chagua lenye kikonyo kigumu, chini pakiwa bapa, bila sehemu inayobonyea ukibonyeza kwa kidole gumba. Usilibebe kwa kikonyo. Kikivunjika hapo ndipo uozo unapoingilia. Boga zima huishi wiki nyingi mahali pakavu na penye ubaridi. Likishachongwa huishi siku tatu hadi saba tu, na kwenye joto ni chache zaidi. Kwa hiyo boga la kupaka rangi lianze mapema Oktoba, la kuchonga lingoje tarehe 29 au 30.

Watoto wa chini ya miaka mitano wapewe la kupaka. Lioshe kwa maji na sabuni, likaushe kabisa, kwa sababu ganda lina utando wa nta na vumbi, na rangi ya watoto ya maji haishiki hapo. Changanya vijiko viwili vya rangi na kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya shule, na rangi itashika. Boga litakalokaa nje linahitaji rangi ya akriliki, la sivyo mvua ya kwanza itaishusha yote chini. Tandika gazeti, mvalishe fulana kuukuu, akriliki haitoki kwenye nguo.

Kuna shughuli nyingine ambayo watoto wa miaka mitatu huipenda kuliko kuchonga: mpe nyundo ndogo ya mbao na vijiti vya gofu, vile vya kuegemezea mpira, avipigilie kwenye boga. Toboa kwanza matundu madogo kwa bisibisi ili vijiti visiteleze. Atapigilia, atang'oa, atapigilia tena kwa nusu saa bila kuchoka. Kaa naye muda wote. Vijiti vina ncha.

Sasa kuchonga.

1. Chora sura kwa kalamu ya wino mzito. Mtoto achore, wewe urekebishe kidogo. Macho yasiwe chini ya sentimita tatu, na kati ya tundu na tundu ibaki nyama ya sentimita mbili na nusu au zaidi. Nafasi ikiwa nyembamba kuliko hapo, pua inaanguka ndani ya mdomo.
2. Kata mlango. Tundu la chini ni bora kuliko la juu: boga linabaki na kikonyo chake, kifuniko hakidumbukii, na unaliweka tu juu ya taa. Ukitaka kukata juu, elekeza kisu kwa pembe kuelekea katikati, ili kifuniko kiwe na umbo la koni na kikae bila kuanguka ndani.
3. Toa mbegu na nyuzi kwa kijiko kikubwa cha chuma. Hii ndiyo kazi ya mtoto. Wengine hukataa kugusa utelezi ule. Mpe kijiko kirefu, usimlazimishe mkono.
4. Kwangua ukuta wa upande wa uso mpaka ubaki na unene wa sentimita mbili na nusu. Ukuta mnene zaidi unazuia mwanga na unakata kwa shida. Mwembamba zaidi unajikunja siku ya pili.
5. Kata kwa msumeno mdogo wa maboga unaouzwa Oktoba, si kisu cha jikoni. Kisu kikubwa hukwama kwenye ganda, mtu anaongeza nguvu, kinachomoka ghafla na kuingia mkononi. Msumeno mdogo unakwenda polepole mbele na nyuma. Anza na matundu madogo, malizia na mdomo, kwa sababu kila tundu kubwa linapunguza nguvu ya boga.
6. Sukuma vipande vitoke kwa kidole. Kisipotoka, rudia pembe kwa msumeno, usikivute.
7. Paka mafuta mazito ya mgando kwenye kingo zote zilizokatwa ili zisikauke na kujikunja.

Ili kuchelewesha ukungu, wengine huchovya boga kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia: kijiko kimoja kikubwa kwa lita nne. Inafaa, lakini fanya watoto wakiwa mbali, na usiichanganye kamwe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Boga lililochovywa hivyo haliliwi tena, si na watu wala kindi. Na kindi watakuja. Boga lililochongwa likae ndani hadi jioni ya siku yenyewe. Usiku wa barafu pia liingize, maana nyama ikishaganda kisha ikayeyuka inakuwa uji.

Ndani weka taa ndogo ya betri, si mshumaa. Mafuta yale ya mgando yanashika moto, na shuka la mzuka lililoburuzwa na mtoto linashika moto haraka kuliko unavyoweza kukimbia. Lakini taa hizo nazo zikague: nyingi hutumia betri bapa ya mviringo kama kitufe, ambayo mtoto akiimeza inaweza kuchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili. Nunua zenye kifuniko kinachofungwa kwa skrubu. Ukishuku mtoto amemeza, kimbia hospitali mara moja, usingoje dalili.

Jikoni

Mbegu mlizotoa zisitupwe. Ziloweke kwenye bakuli la maji, nyuzi zitazama na mbegu zitaelea. Zichemshe dakika kumi kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kikubwa cha chumvi, zichuje, uzitandaze kwenye taulo mpaka zikauke. Hatua hii ya kukausha ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu mbegu hutoka ngumu za kutafunika kama mpira: zikiingia oveni na maji zinapikwa kwa mvuke badala ya kukaangika. Changanya na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, zioke kwa nyuzi 175 za selsiasi dakika kumi na tano hadi ishirini, ukizigeuza mara moja katikati. Watoto walio chini ya miaka minne au mitano wasipewe mbegu nzima, wala bisi, wala karanga nzima; zinapalia. Wasagie mbegu, unyunyize juu ya uji.

Boga dogo la kupika ndilo la boga la nazi. Kwa watu wanne:

Kilo moja ya boga, limenywe na kukatwa vipande vya sentimita nne. Ganda la kabocha ni laini likiiva, unaweza kuliacha. Kopo moja la tui la nazi la mililita 400, lisilo la kupunguzwa mafuta. Sukari vijiko vikubwa vitatu, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo sana.

Usitikise kopo. Chota tui zito lililoganda juu, uliweke kando. Ndiyo kasimile yako. Lililobaki chini liongeze nusu kikombe cha maji, mimina juu ya boga, funika, pika moto wa wastani dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, mpaka uma unaingia bila kubomoa kipande. Ongeza sukari, iliki, chumvi na lile tui zito. Sasa ondoa kifuniko, punguza moto, tikisa sufuria badala ya kukoroga kwa mwiko, na acha dakika tano hadi nane mpaka mchuzi ushike kipande. Likichemka kwa nguvu hapo, tui litakatika na mafuta yatajitenga juu. Likiwa la majimaji licha ya yote, umetumia boga la kuchonga.

Mtoto wa miaka minne anaweza kupima sukari na kutwanga iliki. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuosha boga, na ataliosha mpaka sakafu nzima ilowe. Weka taulo chini kabla hajaanza.

Matofaa ni ya siku isiyo na nguvu: yakate vipande, yachemshe na maji kidogo na mdalasini dakika kumi na tano, yaponde. Nusu ya tofaa pia ni muhuri mzuri wa rangi. Likate kwa upana, siyo toka kwenye kikonyo, na katikati itaonekana nyota.

Vazi

Vazi zuri kwa mtoto mdogo linavaliwa juu ya nguo za baridi. Lichague kubwa kwa saizi moja. Koti juu ya vazi huleta kilio mlangoni, kwa sababu vazi halionekani.

Fulana nzito nyeupe na mistari ya selotepu nyeusi ni pundamilia. Ya njano na viraka vya kitambaa cha hudhurungi ni twiga. Mkia ni soksi iliyojazwa pamba. Mita moja ya kitenge ni vazi la mfalme au malkia: kunja ukingo wa juu, ushone, na ufunge shingoni kwa velkro, si kwa kamba. Mtoto mwenzake akilivuta, velkro inaachia, kamba inakaba. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu.

Kinyago cha plastiki kinaziba macho pembeni na mtoto hujikwaa kwenye ngazi. Rangi ya uso ni bora. Ijaribu kwenye mkono siku moja kabla, na usipake kope. Bandika selotepu ya kuakisi mwanga mgongoni na kwenye mfuko. Foronya ni mfuko wa kutosha.

Siku tatu kabla, mvalishe vazi lote acheze nalo dakika kumi. Hapo ndipo utajua kwamba kofia inawasha au kwamba haendi chooni bila kuvuliwa kila kitu, na bado una muda wa kurekebisha.

Usiku wenyewe

Watoto wa miaka miwili hadi minne hawatenganishi sawasawa kinyago na aliyekivaa. Mwonyeshe nyumbani: vaa, vua, vaa, vua, halafu akuvalishe yeye. Nyumba iliyopambwa kwa kutisha ipiteni tu, hata kama pipi zake ni kubwa.

Mle chakula cha jioni kwanza. Toronto na Minneapolis jua siku hiyo huzama karibu saa kumi na mbili jioni. London, saa zikiwa zimesharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, huzama karibu saa kumi na nusu. Tokeni mwanga ungalipo. Miji mingi ya Marekani hutangaza saa rasmi za watoto kupita, na mingine hupanga siku tofauti. Angalia tangazo la mji wenu. Nyumba tano zinatosha mtoto wa miaka miwili, kumi kwa wa miaka minne. Gongeni penye taa tu, mtoto aseme "trick or treat" (maneno ya kuombea pipi), achukue kimoja, ashukuru. Vukeni kwenye kivuko, mkiwa na tochi. Mkiona boga la rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani mlangoni, nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa watoto wenye mzio; nanyi mkiwa na bakuli mlangoni, ongezeni stika na penseli.

Wanaobaki ndani, hasa wa ghorofani, wafanye hodi hodi za vyumba. Kila mlango asimame mtu mzima au kaka na dada mkubwa. Mtoto anabisha, "Hodi!", wa ndani anaitika, "Karibu!", naye anapewa kitu kimoja: stika, tofaa, kipande cha kaimati. Anaweza kuzunguka mara tatu asichoke. Kisha zimeni taa, mpe tochi, atafute popo kumi na wawili weusi uliowaficha kwenye urefu wa macho yake. Popo ni kiini cha karatasi ya chooni kilichopakwa rangi nyeusi. Bonyeza ukingo wa juu mbele na nyuma uelekee ndani, masikio mawili yatajitokeza. Malizieni kwa vivuli vya mikono ukutani na hadithi. Mtoto anayejua kuitika "Pakawa!" ukisema "Paukwa!" ataingia kwenye giza hilo bila woga. Chagueni sungura anayemshinda fisi, zimwi asubiri mwaka mwingine.

Pipi

Mwagieni zote mezani, mtoto azipange kwa rangi wakati wewe unakagua. Ondoa iliyofunguka, iliyotengenezwa nyumbani na mtu msiyemjua, na kwa walio chini ya miaka minne ondoa pipi ngumu za mviringo, za kutafuna zinazonata, na chochote chenye karanga nzima. Mwenye mzio wa karanga usimsomee kifungashio kikubwa cha aina hiyo ukaridhika. Vipande vidogo vya Halloween wakati mwingine vina viungo tofauti. Familia zinazofuata halali zisome kuhusu jelatini: pipi laini za kuvutika na zile laini kama sifongo huwa nayo, na mara nyingi ni ya nguruwe.

Mtoto achague kumi. Zilizobaki ziweke juu, au zipelekwe kazini. Zile kumi zitolewe moja au mbili mara baada ya chakula, si za kudonoa mchana kutwa, kwa sababu meno huharibiwa zaidi na sukari inayorudi kila nusu saa. Usimtishe kuhusu pipi wala usizifanye tuzo ya kumaliza mboga.

Novemba

Sehemu nyingi za Marekani na Kanada saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Anzeni siku nne kabla kuchelewesha kulala kwa dakika kumi na tano zaidi kila usiku, la sivyo mtoto ataamka saa kumi na moja alfajiri wiki nzima. Miaka mingine siku hizo zinaangukia palepale kwenye Halloween.

Boga lililochongwa bila dawa wala rangi lizikwe bustanini baada ya kutoa taa na mbegu, au likae kwenye sahani kibarazani wiki mbili ili mtoto aone ukungu unavyolila, akiangalia bila kugusa. Likianza kutoa maji, tumia koleo, siyo mikono. Lililopakwa akriliki au kuchovywa klorini ni la pipa la taka za kawaida.